Staa Kujitengenezea Gari Sio Kufulia, Ishu Ni Ile Jeki

Najua wengi mmekuja hapa mkitegemea ubuyu wa ile ndoa ya wiki iliyopita, utakuja, msijali. Leo naomba niongelee ile klipu ya kaka yetu wa Bongo Fleva, jina simtaji, mnamjua, yule wa nyimbo za kubembeleza mwenye Crown nyeusi. Kwa ambao haijawafikia: yuko uani kwake, kavaa bukta na kandambili, kalala chali chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Spika inapiga wimbo wake mwenyewe (haha, sawa bro), anafungua vitu huko chini huku anapiga stori na anayemrekodi. Basi.

Nimeshinda kwenye komenti karibu nusu siku. Kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema jamaa kafulia, shoo zimekauka, hela ya fundi imemshinda. Ya pili inasema huyu ndiye mwanaume, hana makuu, anashika spana mwenyewe, na dada mmoja kaandika kabisa yuko tayari kuolewa hata kesho. Haya. Ila kiukweli wote mmeangalia miguu, gari hamjaliangalia.

Mimi ile klipu nimeirudia mara nane. Mbele limenyanyuliwa, tairi moja limetolewa, na kitu pekee kinachoizuia Crown isishuke kifuani kwa mtu ni jeki moja. Stendi hakuna. Matairi ya nyuma hayajawekewa hata jiwe. Na lile tairi alilolifungua limeegemezwa ukutani mbali huko, kama pambo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua mashabiki wake mtanitukana: kujitengenezea gari sio kufulia wala sio aibu, na mimi napenda mastaa wafanye hivyo hadharani. Ila kuonyesha mashabiki laki kadhaa kwamba unaingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hapo umekosea, na inabidi mtu akwambie. Jeki ni ya kunyanyulia. Kushikilia sio kazi yake.

Ngoja niwaambie kwa nini hii kitu inanikera mpaka naacha ubuyu.

Mimi niliishia form four. Magari nimejifunzia uani kwetu Kimara na kwenye YouTube, nikimsaidia kaka yangu mkubwa ambaye ana IST anayofanyia biashara ya kubeba abiria. Kila kitu kidogo tulikuwa tunamalizana nyumbani, pedi za breki, shokapu, kumwaga oili. Tulikuwa na jeki ya magurudumu, ile ndefu inayolala chini, unaisukuma kama kitoroli halafu unapampu kwa mpini. Tuliinunua imeshatumika. Ikaanza kuvuja. Ukinyanyua gari, baada ya dakika kumi limeshuka kidogo, unaongeza pampu mbili tatu, maisha yanaendelea. Sisi tukaona ni tabia yake tu, kama mzee anayesinzia.

Siku moja ikagoma kupanda mpaka juu. Nikaifungua kile kizibo cha pembeni nikaona oili imepungua, na ndani ya nyumba kulikuwa na kichupa cha oili ya breki kimebaki nusu. Nikajaza. Ikapanda vizuri kabisa, nikajiona fundi, nikapiga na picha nikaposti.

Miezi miwili baadaye kaka alikuwa chini ya ile IST anafungua boliti za eksozi. Hakukuwa na dalili yoyote ya maana, ule ushukaji wa taratibu tulishauzoea. Halafu ikashuka yote kwa mara moja. Mlio wake sio mkubwa kama mnavyofikiria, ni kama mtu kaangusha gunia. Kilichomwokoa ni tairi. Alikuwa ameitoa tairi ya mbele na kuilaza chini ya ubavu wa gari, wala sio kwa akili ya usalama, aliiweka pale ili isimsumbue njiani. Gari lilikalia ile tairi, likabaki na nafasi kidogo. Mbavu mbili na bega. Angekuwa kaiegemeza ukutani kama yule staa wetu, leo nisingekuwa naandika hivi.

Fundi aliyekuja kuifungua ile jeki akanionyesha sili, zile raba za ndani zinazozuia oili isipite. Zimevimba, zimelainika, unazibonyeza kwa kucha zinaingia kama jeli. Akauliza, nani kaweka oili ya breki humu? Nilikaa kimya. Mama alikuwa amesimama pale pale. Nilikuja kumwambia kaka ukweli baada ya wiki tatu.

Sasa basi. Kwa wale mnaosema "hii blogu ya umbea mambo ya jeki yanahusu nini", mnaweza kwenda kwenye posti ya jana. Wanaobaki, hasa nyie mlioandika kwamba mnaenda kununua jeki mfanye kama yeye, twende.

Ndani ya jeki kuna pistoni mbili, ndogo na kubwa, na oili katikati. Ni ile ile habari ya Pascal ya kwenye fizikia. Tuseme pistoni kubwa ina eneo mara 20 ya ile ndogo: ukisukuma ndogo kwa nguvu ya kilo 50, kubwa inatoa kama kilo 1,000, ukiacha msuguano. Ndiyo maana dada mwenye mikono laini ananyanyua gari kwa kupampu. Lakini geuza hiyo hesabu kichwani. Gari likiwa juu, uzito wote umekaa juu ya oili, na oili imezuiwa na raba na vijigololi vya chuma kwenye valvu. Punje ya mchanga ikikaa kwenye kijigololi, oili inapenya kurudi. Raba ikichoka, inapita pembeni. Kinachotenganisha kifua chako na injini ni kipande cha raba ambacho hujawahi kukiona na hujui kina umri gani. Hata jeki mpya kabisa ya bei mbaya iko hivyo hivyo.

Tuje kwenye kununua. Ukienda Gerezani pale Kariakoo, mwenye duka atakuonyesha kwanza rangi. Nyekundu inang'aa, imeandikwa tani 2 au tani 3. Wewe usianze na tani. Anza na rula, tena ukiwa bado nyumbani. Pima kutoka chini mpaka sehemu ya kunyanyulia ya gari lako. Jeki nyingi za kawaida zikiwa zimeshuka kabisa zina kimo cha sentimita 13 au 14 hivi. Kama gari lako limeshushwa, au umelifunga zile bodikiti za mapambo, haiingii, utabaki unalinyanyua kwanza kwa ile jeki ndogo ya kuzungusha ndipo uingize kubwa, na huo ni ujinga niliowahi kuufanya mwenyewe. Zipo fupi za sentimita 8 hivi. Halafu uliza inapanda mpaka wapi. Zile ndogo zinazouzwa kwenye boksi la plastiki nyingi zinaishia sentimita 33 au pungufu, zinatosha kubadilisha tairi la Vitz, ila ukiwa na Rav4 au Harrier utaona tairi bado linagusa ardhi na mpini umegoma.

Tani zenyewe: IST ni kama tani moja, Crown imepita tani moja na nusu, na wewe unanyanyua kona moja au upande mmoja, sio gari zima. Kwa hiyo kwa gari dogo tani 2 inatosha kwenye makaratasi. Ila mimi ningechukua tani 3 kwa sababu moja tu, ni ndefu na nzito zaidi, haiyumbi. Hapo napo angalia. Kuna jeki zimeandikwa tani 3 ukiinyanyua kwa mkono mmoja inapaa kama ungo. Chuma hakidanganyi, kama ni nyepesi hivyo, hiyo tani 3 waliiandika kwenye stika. Bora mtumba mzito uliotengenezwa vizuri, ukaenda kubadilisha sili zote kabla hujautumia, kuliko mpya wa bati. Najua wengi mtapinga, karibuni.

Na ukiwa dukani usione aibu. Ipampu mpaka mwisho, angalia ile nguzo ya pistoni inayong'aa kama ina unyevu wa oili au kutu. Fungua valvu taratibu uone kama inashuka taratibu au inadondoka tu, maana jeki isiyokupa nafasi ya kushusha polepole ni hatari siku ya kwanza. Zungusha magurudumu. Halafu mwambie muuzaji aitie chini ya gari lolote lililopaki pale nje, inyanyue, weka alama kwa chaki, kunywa soda. Ikishuka kabla soda haijaisha, mwachie mwenyewe. Muuzaji akikataa kuijaribu, umeshapata jibu na hela yako bado iko mfukoni.

Kuna wanaouliza kuhusu jeki ya chupa, ile inayosimama wima. Ni nzuri kwa Canter na malori. Kwa gari dogo la nyumbani kitako chake ni chembamba na yenyewe ni ndefu, mara nyingi haiingii, na ikiingia gari likicheza kidogo inalala. Ile ya kuzungusha inayokuja na gari ni ya pancha barabarani, basi.

Sasa kuna jambo ambalo klipu za Wazungu hazikwambii, kwa sababu wenzetu wanafanyia kwenye gereji zenye sakafu ya zege. Sisi nyua zetu ni mchanga. Jeki ya magurudumu ikiwa inanyanyua, mkono wake unakwenda kwa mzunguko, kwa hiyo lazima jeki yenyewe itembee kidogo kuingia chini ya gari. Ndiyo kazi ya yale magurudumu. Kwenye mchanga yanazama, jeki haitembei, na kikombe cha juu kinaanza kuteleza kwenye chuma cha gari au kulivuta gari zima. Watu wanasema jeki ilikuwa mbovu kumbe ardhi. Tafuta plaiwudi nene au ubao mpana, upana wa kutosha jeki yote na nafasi ya kutembea, laza chini ndipo uweke jeki. Kwenye mteremko usinyanyue kabisa, hata kama ni kidogo, na nyie wa Goba na Mbezi najua hamna uwanja tambarare, sogezeni gari kwa jirani.

Kabla hujapampu, weka jiwe au gogo mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini. Usitegemee hendibreki peke yake. Kwenye hizi gari zetu nyingi hendibreki inashika matairi ya nyuma, kwa hiyo ukinyanyua nyuma umeshaiondolea kazi. Na P ya gari kama IST inashika mbele, ukinyanyua mbele nayo imebaki jina. Jiwe halina mambo mengi. Na jeki iguse pale palipotengwa, kwenye ule mkunjo wa chuma ubavuni karibu na tairi wenye alama mbili, au ile boriti ya katikati. Ukiweka kwenye sampu ya oili unaitoboa, halafu utakuja kusema gari la mkosi.

Halafu stendi. Mbili angalau. Gari likipanda, zisukume chini kwenye sehemu ngumu, shusha jeki polepole mpaka uzito ukalie stendi, jeki yenyewe iache pale iguse tu bila kubeba. Kisha lisukume gari kwa mkono, kwa nguvu, kabla hujaingiza hata kidole. Kama litaanguka, lianguke ukiwa umesimama. Stendi nazo zinakaguliwa, sio kwa sababu ni chuma basi ni mungu. Mwaka 2020 kule Marekani kampuni moja kubwa ya zana iliziita stendi zake kwa mamia ya maelfu zirudishwe, kwa sababu meno ya ndani yalikuwa yanaweza kuachia gari likiwa juu. Ndiyo maana hata nikiwa na stendi ile tairi niliyoitoa nailaza chini ya ubavu. Ni bure, umeshaifungua tayari, unaisukuma tu.

Na tofali hapana. Nimeona mafundi wanapanga tofali za saruji, tena zile zenye matundu. Tofali halikunji wala halikupi taarifa, linapasuka tu.

Kuitunza sasa, hapa nina haki ya kuongea kwa sababu nilikosea. Oili ni ya haidroliki ya jeki, imeandikwa kwenye chupa, iombe kwa jina. Oili ya breki inakula zile raba. Oili ya injini wengi wanaweka na inasukuma, ila ina dawa za kusafishia ambazo humo ndani hazina kazi, na inaweza kutoa povu, mimi siiweki tena. Ukijaza, jeki iwe imeshuka kabisa, oili ifike ukingo wa chini wa tundu, usizidishe. Ikiwa inapanda kwa kurukaruka au kama sponji, ina hewa: fungua valvu, pampu haraka mara kumi na tano hivi bila mzigo, funga, jaribu tena. Ukimaliza kazi ihifadhi ikiwa imeshuka, ile nguzo iwe imejificha ndani isipigwe na unyevu, maana hewa yetu ya Dar ina chumvi na kutu ikishaota pale inakwangua sili kila ukipampu. Grisi kidogo kwenye maungio na magurudumu. Kitambaa kuondoa mchanga. Kazi ya dakika tano.

Kuna skrubu moja ya usalama ambayo kazi yake ni kuifanya jeki ikatae mzigo uliozidi. Kuna mafundi wanaikaza ili jeki "iwe na nguvu". Mtu akikwambia hivyo mnyang'anye jeki yako uondoke.

Na ikishaanza kushuka yenyewe, hata kwa taratibu, haiko "na tabia". Imekufa. Peleka ibadilishwe sili au itupe.

Najua komenti zinazokuja. "Fundi wetu mtaani miaka 20 hana stendi na mzima." Sawa, na wengine hawakuja kuhadithia, ndiyo maana hujawasikia. "Hela ya stendi hatuna." Hii naielewa, sisi wenyewe hatukuwa nayo. Ila jozi ya stendi haifiki bei ya zile rimu tunazozipiga picha. Na kama kweli huna, basi usiingie chini. Tairi unaweza kubadilisha ukiwa pembeni, pedi unaweza kubadilisha ukiwa pembeni. Ukihitaji kulala chini, nenda gereji yenye shimo, wewe ndiye ushuke, gari libaki na matairi yake manne ardhini.

Yule staa nimemwandikia inboksi. Sikumtukana, nimemwambia bro ile klipu ifute au rekodi nyingine ukiwa na stendi, una watu wengi nyuma yako. Imeonyesha amesoma. Mpaka naandika hii hajajibu, na klipu bado ipo, imepanda zaidi.

Kaka anaendesha IST yake kama kawaida, ila mkono wa kushoto haupandi zaidi ya sikio, mkanda anauvuta kwa kuinama. Kamera ya simu akinyanyua ananipa mimi. Ile jeki haikutupwa, mama alikataa, anaitumia kuzuia mlango wa banda la kuku. Kila nikienda kuokota mayai nailaza pembeni.

Wenye jeki inayovuja au inayoshuka yenyewe, tupia picha hapo chini na useme ni ya gari gani. Nitajibu usiku nikitoka kazini. Ubuyu wa ndoa kesho, mpaka hapo.